Kuwasha taa kwa kusukuma hewa: Wi-Fi, feni na nyumba ya mawe

Kila anayefunga rauta kwenye nyumba ya mawe pale Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, huishia na lalamiko lile lile: chumba chenye rauta intaneti inakimbia, ukivuka mlango mmoja inakata. Ukuta wa matumbawe na chokaa, wenye unene wa karibu nusu mita, humeza mawimbi kabla hayajafika chumba cha pili. Kwa anayetaka kutazama video kitandani, hilo ni balaa. Kwa anayetaka kuwasha taa kwa ishara ya mkono, bila kugusa swichi wala kuvaa kitu mwilini, ukuta huo huo ni neema. Unachohitaji ni chumba ambacho mawimbi yake hayana habari za punda anayepita njiani wala za jirani anayetandika kitanda. Chumba cha Lamu kiko hivyo tangu kilipojengwa.

Kinachotokea ni hiki. Mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hurudisha na kumeza mawimbi ya redio. Kifaa kimoja kikituma na kingine kikapokea, mawimbi hayaji kwa njia moja: mengine huja moja kwa moja, mengine hugonga ukuta, kabati, dari, na mkono wako. Yote hukutana kwenye antena na kujumlishana. Mkono ukisogea, njia ile inayopitia kwake hurefuka au kufupika, na jumla nzima inapanda na kushuka. Chipu ya Wi-Fi hupima hali hiyo kwa kila pakiti (kifurushi cha data) ya kasi za kisasa, maana bila hivyo haiwezi kusoma data yenyewe. Vipimo hivyo, taarifa za hali ya chaneli, ndivyo mafundi wanaviita CSI. Sisi tunaviomba tu, badala ya kuviacha vitupwe.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha mfumo waliouita WiSee, uliotambua ishara tisa kwa usahihi wa wastani wa asilimia 94. Walitumia redio za maabara. Leo bodi ya kawaida ya ESP32, kijikompyuta chenye Wi-Fi ndani yake, inatoa CSI, na mwaka 2025 kazi hii ya kuhisi kwa Wi-Fi ilipata kiwango chake rasmi, IEEE 802.11bf. Lakini usisubiri rauta ya dukani ikufanyie. Na kabla ya kununua chochote, jiulize swali moja: unataka ishara, au unataka taa iwake mtu akiingia? Kama ni la pili, nunua kihisi cha rada cha LD2410, kile cha 24 GHz, ukimalize kwa jioni moja. CSI kwa kazi ya kujua tu kama kuna mtu ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya supu ya kikombe kimoja.

Kwa anayetaka ishara, vitu ni vichache: bodi mbili za ESP32 (zenye moduli ya WROOM-32 zinatosha, na WROOM-32U, inayofungwa antena ya nje, ni bora zaidi), chaja mbili za 5 V zinazotoa angalau 1 A, kebo mbili za USB fupi na nene, moduli ya relei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo) ya 5 V, na laptopu ya kusomea data siku za mwanzo. Nimesema kebo nene kwa sababu ESP32 ikituma huvuta mkupuo wa karibu nusu ampia. Kebo nyembamba za kuchajia simu hupoteza volti hapo hapo, bodi inajizima na kuwaka upya, na kwenye skrini utaona neno "brownout", yaani umeme umepungua, likijirudia. Watu wengi hubadilisha bodi kwa kosa la kebo.

Sasa mahali pa kuziweka, maana hapa ndipo kazi hufaulu au hufa. Kwenye chaneli 6, yenye masafa ya 2437 MHz, wimbi lina urefu wa sentimita 12.3. Kila njia inayopitia mkononi ikibadilika kwa kiasi hicho, jumla inapanda na kushuka mara moja kamili. Chukua bodi mbili zilizo mita 2.5 mbali. Mkono ukiwa katikati yake, ukausukuma kuelekea mstari unaoziunganisha, kutoka sentimita 50 hadi 20, njia inafupika kwa sentimita 16 tu: wimbi moja na robo hivi. Msukumo huo huo ukiufanya mbele ya bodi inayopokea, njia inafupika kwa sentimita 34, yaani mawimbi karibu matatu kamili. Ishara ile ile, mkono ule ule, lakini alama yake kwenye data imezidi mara mbili. Na ukiwa juu ya mstari wenyewe, ukausogeza mkono kutoka bodi moja kwenda nyingine, njia haibadiliki hata kidogo, kwa sababu unachopunguza huku unakiongeza kule. Hilo ndilo kosa la wanaoweka bodi moja ukuta huu na nyingine ukuta wa pili, kisha wakasukuma mkono kuelekea mojawapo. Wanaona kivuli tu, hawaoni msogeo.

Kwa hiyo bodi zote mbili ziwe kwenye ukuta mmoja. Vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko haziruhusu upana mkubwa, lakini ni virefu, basi mita 2.5 kando ya ukuta zinapatikana bila shida. Mpokeaji akae karibu na anapokaa au anapolala mtu, kimo cha sentimita 80 hadi 100, mtumaji kando. Kama una zidaka ukutani, kidaka kimoja ni rafu tayari. Iweke bodi ukingoni mwake, isiingie ndani kabisa, maana kule ndani inakuwa kama iko kisimani na haimwoni mwenzake. Na tafadhali usitoboe plasta ile ya chokaa kwa skrubu. Gundi ya mpira inatosha.

Programu zenyewe Espressif, watengenezaji wa ESP32, wameziweka wazi katika mradi wao wa esp-csi. Kuna csi_send ya bodi ya kutuma na csi_recv ya bodi ya kupokea, na zinazungumza kwa ESP-NOW, njia ya bodi kuwasiliana moja kwa moja, kwa hiyo rauta haihitajiki na intaneti ikikatika taa haijui. Mtumaji anatuma pakiti 100 kwa sekunde. Ukiandika programu yako mwenyewe badala ya kutumia hizo, kuna mitego mitatu inayowala watu kila siku. ESP-NOW kwa kawaida hutuma kwa kasi ya zamani ya 1 Mbps, na pakiti za namna hiyo hazina ile sehemu ambayo CSI hupimwa kwayo. Utaona pakiti zinafika na CSI ni sifuri. Ilazimishe itume kwa MCS0, ile ya chini kabisa kati ya kasi mpya. Mtego wa pili ni kuacha Wi-Fi katika hali ya kuokoa nguvu, ambayo inafanya mpokeaji asinzie katikati ya kazi. Izime. Wa tatu ni kasi ya kebo ya USB: kila pakiti ikichapishwa ni herufi kama 500, mara 100 kwa sekunde ni 50,000, na bandari iliyowekwa kasi ya 115200 (biti kwa sekunde) hubeba herufi kama 11,500 tu. Mistari inakatwa vipande na unadhani ni hitilafu ya mawimbi. Weka 921600.

Mstari mmoja wa data ukiutazama kwa karibu ni orodha ya namba ndogo, chanya na hasi. Ukichagua sehemu ya LLTF (kipande cha mwanzo wa pakiti cha kupimia chaneli) peke yake unapata namba 128, nazo ni jozi 64, jozi moja kwa kila kijichaneli ndani ya chaneli ya 20 MHz. Katika kila jozi ya kwanza ni sehemu ya kufikirika, ya pili ni sehemu halisi. Jozi ya -14 na 9, kwa mfano, ina kimo, yaani ukubwa wa wimbi, cha kipeuo cha pili cha 196 jumlisha 81, yaani 16.6. Vijichaneli 52 ndivyo vyenye kitu, vilivyobaki ni sifuri. Na namba nne za mwanzo kwenye ESP32 ya kwanza mara nyingi si za kweli, chipu yenyewe inakwambia hivyo kwa alama ya first_word_invalid. Zitupe bila huruma.

Awamu ya wimbi, yaani mahali lilipofika katika mzunguko wake, iache. Bodi mbili zina saa mbili zisizolingana, na awamu inaruka kwa kila pakiti kwa sababu zisizohusiana na mkono wako. Kimo ndicho cha kushika, ila nacho kina hila: mpokeaji hujiongezea na kujipunguzia nguvu mwenyewe, na siku hiyo grafu yote inaruka ngazi moja kama mtu aliyepanda kidato. Dawa ni kugawanya kila kimo kwa wastani wa vimo vya pakiti hiyo hiyo. Baada ya hapo pitisha median (namba ya katikati zikipangwa kwa ukubwa) ya sampuli tano ili kuondoa miiba, toa wastani wa sekunde mbili zilizopita ili kuondoa vitu visivyosogea, kisha chukua vijichaneli kumi vinavyotikisika zaidi. Si lazima vyote 52. Baadhi viko mahali ambapo mawimbi yamefutana na havioni chochote, na kesho kabati likihamishwa vitakuwa vingine. Tumia muda ulioandikwa kwenye pakiti, usihesabu pakiti tu, kwa sababu chaneli ikiwa na shughuli zinachelewa na nyingine zinapotea.

Halafu kuna feni.

Pwani hakuna chumba kisicho na feni, na feni ni mkono mkubwa unaopunga mchana na usiku. Chukua feni ya dari ya mapanga matatu inayozunguka mara 240 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko minne kwa sekunde, na kila mzunguko panga tatu hupita, kwa hiyo mawimbi yanatikiswa mara 12 kwa sekunde. Msukumo wa mkono wa nusu sekunde mbele ya mpokeaji, kwa hesabu ile ya juu, unatikisa karibu mara tano hadi sita kwa sekunde. Chujio linaloruhusu kutoka 2 Hz (mara mbili kwa sekunde) hadi 9 Hz linawatenganisha vizuri. Sasa punguza feni mpaka mizunguko 100 kwa dakika: panga tatu zinatoa 5 Hz, katikati kabisa ya mkono wako. Feni ya polepole ni adui mbaya kuliko feni ya kasi, jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walione kwenye grafu.

Na hata ile ya kasi haijaisha. Mtikiso wa feni si laini, una marudufu yake: 12, 24, 36 na kuendelea. Ukichukua sampuli 100 kwa sekunde, chochote kilicho juu ya 50 Hz hujikunja na kurudi chini. Rudufu ya nane, 96 Hz, inarudi ikiwa imevaa sura ya 4 Hz. Hapo chujio halina la kufanya, kwa sababu kwa macho yake huyo ni mkono. Kupandisha pakiti hadi 250 kwa sekunde kunasaidia, kwa kuwa marudufu yanayojikunja ni yale ya mbali yaliyo dhaifu, lakini hapo uchakataji ufanyike ndani ya bodi yenyewe, maana kebo haitabeba mzigo huo.

Dawa iliyo bora kuliko hesabu zote ni mahali. Kwa bodi zilizo mita 2.5 mbali, eneo ambalo msogeo unaonekana kwa nguvu ni kama mviringo mrefu uliozunguka mstari, na katikati yake nusu kipenyo ni sentimita 28 tu. Bodi zikiwa kimo cha kiuno na feni ikiwa juu karibu na boriti, feni inabaki kuwa mwangwi wa mbali. Ongeza kipande cha kadibodi cha sentimita 30 kwa 30 kilichofunikwa karatasi ya alumini, kiwekwe kama paa juu ya mpokeaji, angalau kiganja kimoja kutoka kwenye antena, na mwangwi wa juu unapungua zaidi. Ukiwa na kidaka, bandika alumini hiyo kwenye dari ya kidaka. Feni za mapanga ya chuma ni mbaya kuliko za plastiki. Chandarua na pazia havina neno, redio hupita nguo kavu kama hazipo, lakini usianike taulo mbichi mbele ya bodi.

Ukiwa umefika hapa, mkono utauona vizuri kwenye grafu, na utadhani kazi imekwisha. Bado. Fanya hesabu hii: programu inayoamua mara mbili kwa sekunde inaamua mara 172,800 kwa siku. Ikikosea mara moja tu kwa kila elfu, hiyo ni taa kuwaka au kuzimika yenyewe karibu mara 173 kati ya asubuhi na asubuhi. Usahihi wa asilimia 99.9 unaokupendeza kwenye laptopu ni upuuzi sebuleni. Kazi kubwa ya mfumo huu ni kukataa. Kutambua ni rahisi.

Ndiyo maana nashauri ishara moja, tena ya ajabu kidogo: sukuma, tulia kidogo, rudisha. Sheria iwe hivi: utulivu wa sekunde moja, mtikiso wa sekunde 0.3 hadi 0.8, utulivu wa 0.2 hadi 0.7, mtikiso wa pili wa kadiri ile ile, kisha utulivu wa sekunde moja. Mtikiso ni pale nguvu ya mabadiliko inapozidi mara nne ya kiwango cha kati cha dakika moja iliyopita. Kizingiti hicho hujirekebisha chenyewe: feni ikiwashwa kinapanda, na itabidi usogeze mkono karibu zaidi. Utulivu wa mwisho unafanya taa ichelewe sekunde moja kuitikia, na watu watalalamika. Walalamike. Sekunde hiyo ndiyo inayomkataa mtu anayetembea, anayetikisa leso, anayepepea jiko kwa kipepeo, kwa kuwa hao hawatulii.

Kabla ya kufunga relei, iache bodi iandike tu siku tatu au nne maisha ya kawaida ya chumba bila ishara yoyote, watu wakila, wakilala, wakifagia. Rekodi hiyo ina thamani kuliko ishara mia ulizozirekodi kwa makusudi. Swala ni mtihani mgumu: rukuu, kuinuka, sijda ni misogeo yenye utulivu kati yake, umbo linalokaribia ishara yetu. Kinachookoa ni muda, maana kati ya sijda mbili mtu aliyetulia hukaa zaidi ya sekunde 0.7. Anayedonoa kama kuku huenda akajikuta gizani. Paka ni habari nyingine. Akiamua kulala juu ya kidaka kilicho joto karibu na bodi, hakuna hesabu itakayomzidi, mtafutie mahali pengine.

Malindi mambo hubadilika kidogo. Nyumba za bloku zenye kuta nyembamba hupitisha misogeo ya chumba cha pili na ya uani, basi sogeza mtumaji karibu, mita moja na nusu, na upunguze nguvu yake ya kutuma ili mwangwi wa mbali ufifie. Chini ya mabati bila dari, kila wimbi linarudi, na upepo ukiyatikisa mabati yaliyolegea, nayo yanapiga ishara. Yapigiliwe kwanza. Paa la makuti makavu halina shida.

Kuna jambo la sitara pia. Nyumba ya Lamu imejengwa ili anayepita asione ndani: daka (baraza ya mlangoni), kisha tekani (ukumbi wa ndani ya mlango), na njia inayopinda kabla hujafika uwanjani. Mtumaji anayerusha pakiti 100 kwa sekunde usiku kucha anaweza kusomwa na mpokeaji yeyote mwenye ESP32 aliye nje mawimbi yanakofika, na akajua kama chumbani kuna mtu anayesogea, bila kuhitaji neno la siri, kwani CSI hupimwa hata kwa pakiti iliyofungwa. Shusha nguvu ya kutuma mpaka kiwango cha chini kinachofanya kazi, kisha tembea na bodi ya kupokea hadi mlango wa mbele na chini ya madirisha uone kama bado inasoma. Ukuta utakusaidia, dirisha halitakusaidia.

Relei iunganishe na fundi wa stima anayejua 240 V, na mwambie aifunge kama swichi za ngazi. Waya wa moto uingie kwenye swichi ya njia mbili ukutani, nyaya mbili zitoke hapo kwenda NO na NC za relei (mguso ulio wazi na ule uliofungwa relei ikipumzika), na COM, mguso wa pamoja, iende kwenye taa. Bodi ikifa, swichi ya ukutani bado inawasha na kuzima. Tumia pini ya GPIO 26 au 27. Usitumie 0, 2, 12 wala 15, ambazo bodi huzisoma wakati wa kuwaka, wala 34 kwenda juu, ambazo haziwezi kutoa. Moduli nyingi za relei huwaka pini ikiwa chini, na zikilishwa 5 V hazizimiki vizuri kwa 3.3 V ya ESP32. Toa kile kijumpa kinachounganisha VCC na JD-VCC, peleka 3.3 V kwenye VCC na 5 V kwenye JD-VCC. Ukiendesha feni badala ya taa, weka kondensa ya X2 (aina ya kuwekwa kwenye umeme wa nyumba) ya 0.1 µF na rezista ya ohmu 100 kwa mfululizo, sambamba na miguu ya relei, ama cheche zake zitairudisha bodi mwanzo kila mara. Pasi, pampu na jiko la stima visiguswe na mfumo huu.

Boksi liwe la plastiki, si la chuma. Viungo vya solda vipake rangi ya kucha isiyo na rangi kwa ajili ya hewa ya chumvi, ila usipake tundu la USB wala antena. Tundu la USB ndilo hufa kwanza hapa kwetu. Likianza kuota ukijani, ng'oa kebo na uzisolde nyaya za 5 V na GND moja kwa moja kwenye bodi.